Watu Wawili wa Kugeuza TV

Mama Mwenye Nyumba hakuwahi kuitazama TV yake. Aliisikiliza akiwa ameipa mgongo. Kila jioni sisi wapangaji na majirani tulikaa uani kwenye mikeka na mabenchi, macho kwenye dirisha la sebule yake, maana TV ilikuwa ndani ya dirisha hilo ikitutazama sisi. Yeye aliweka kigoda chake chini ya dirisha hilohilo, akatugeukia, ungo wa karanga mapajani, akawa anamenya na kutukagua usoni mmoja mmoja. Jambo la kuchekesha alilijua kwa kutuona tunacheka. Habari mbaya alizijua kabla mtangazaji hajafika mwisho wa sentensi, kwa sababu Mama Neema, mkaanga maandazi wa chumba cha kona, alikuwa na tabia ya kushika shavu mapema.

Nilipohamia pale Runzewe, nikiwa na shahada yangu ya mipango na bila kazi yoyote ya kupangia, jambo hilo lilininyima raha. Niliwaza labda macho yake ni mabovu. Niliwaza labda kuna mwiko wa kimila ambao nikiuuliza nitakuwa nimemkosea. Nikawaza tena kwamba nisipouliza nitaonekana simjali. Mwisho nikauliza, kwa mzunguko mrefu ulioanzia kwenye afya yake na mavuno ya shamba lake la Ushetu, mpaka karanga alizokuwa amemenya zikakaribia kujaa bakuli.

"Hiyo TV nimeshaiona," akanijibu. "Nyie ndio mnabadilika kila siku."

TV yenyewe ilikuwa chogo, zile za zamani zenye kisogo kirefu, nzito kama beberu aliyegoma kutembea. Ilikaa juu ya meza ya mninga kando ya dirisha. Mchana ilielekea kwenye makochi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na king'amuzi, maua ya plastiki na picha ya marehemu mumewe akiwa amesimama wima kama mtu anayesubiri kupimwa suti. Jioni ilibidi igeuzwe itazame uani. Kuitoa nje hakutaka, kwa sababu ya mvua, vumbi la malori ya barabara kuu na vibaka. Kutuingiza sisi sebuleni hakutaka pia. Sebule ni ya wageni, alisema, na mpangaji si mgeni. Kwa hiyo kila jioni TV iligeuzwa, na baada ya taarifa ya habari iligeuzwa tena ikarudi kwenye makochi yake.

Mtu mmoja asingeweza. Ukiivuta peke yako meza inakufuata, waya zinachomoka, na marehemu anaanguka kifudifudi. Walihitajika wawili, mmoja kila upande, waiinue kidogo, waizungushe pamoja. Na hao wawili aliwachagua yeye. Alisimama mlangoni, akatuangalia, akataja majina, akamalizia kwa maneno yaleyale: "Geuzeni TV."

Mimi, kwa kawaida yangu, nilitafuta kanuni. Kwanza nilidhani anachagua wenye nguvu. Lakini jioni moja alimchagua Mzee wa Tumbaku, mpangaji mwenzetu aliyekuwa akilalamikia kiuno tangu asubuhi, akamwacha Masanja amekaa, na Masanja alikuwa mchimbaji, kijana wa kubeba mifuko ya mawe kutoka kwenye duara, kama wanavyoyaita mashimo yao ya dhahabu, huku akipiga mluzi. Nikadhani anakwenda kwa zamu za vyumba. Zamu hazikulingana. Nikadhani anachagua kwa kodi, waliolipa na ambao hawajalipa, nikaogopa mno, maana mimi nilikuwa kwenye kundi moja tu kati ya hayo. Masanja ndiye aliyenihurumia.

"Msomi, kweli hujaona?" akaninong'oneza huku akicheka. "Anaita walionuniana."

Ilikuwa kweli. Mzee wa Tumbaku alikuwa amenuniana na Mama Neema kwa wiki nzima. Moshi wa maandazi ulikuwa unaingia chumbani kwake na kukaa kwenye koti lake la kwendea kanisani, na yeye akaropoka kwamba siku hizi akiimba kwaya watu wanasikia njaa. Mama Neema aliacha kumsalimia, na maandazi yake akayapandisha hadhi kwa kutomuuzia. Jioni ile wakaitwa. Wakaingia sebuleni kila mmoja akitazama upande wake. Sisi nje tulitega masikio kama tunasubiri penalti. Mara tukasikia, "Shika chini, siyo hapo." Kisha, "Polepole, mzee, kiuno chako." Kisha, "Waya, waya, waya!" Kisha wote wawili wakacheka, kwa sababu king'amuzi kilikuwa kimeingia kwenye mfuko wa koti la mzee. Kesho yake mzee alikunywa chai na maandazi matatu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya chogo lile. Huwezi kuligeuza na mtu bila kusema naye. Lazima umwambie anapokwenda na umwulize kama ameshika, na akikuambia subiri, unasubiri. Nyumba ile ilikuwa na mchimbaji, mnunuzi wa tumbaku, mama wa maandazi, dereva wa bodaboda aliyekuja na mdogo wake, mimi, na ukuta mwembamba kati ya kila chumba na kingine. Bila zile jioni tungekuwa watu wa kuhesabiana ndoo za maji tu.

Sisemi kwamba alifaulu kila mara. Dereva wa bodaboda na mdogo wake waligombana wakiwa wameiinua kabisa, kila mmoja akivutia kwake, mpaka meza ikalia. Mama Mwenye Nyumba hakupandisha sauti. Aliwaambia ikianguka watanunua nyingine wote wawili, tena watakwenda dukani wakiwa wamepakizana pikipiki moja. Waliiweka chini kama yai. Kupatana walipatana baadaye sana, kwa sababu nyingine.

Wala hakuwa malaika. Kwa maji alikuwa mgumu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Ukioga muda mrefu alipita nje ya bafu akiuliza kwa upole kama umeanguka. Taa ya uani aliifungua balbu mwenyewe kila usiku akaenda nayo ndani. Lakini TV hiyohiyo inayokula umeme aliiacha iwake kwa watu hata wa nyumba ya tatu, na ukimgusia jambo hilo alikuuliza kama umeme ni wa kwenu.

Umbea aliupiga vita. "Mimi mambo ya watu sitaki," alisema, na tukajua habari nzito inakuja, maana neno lililofuata daima lilikuwa "ila". Alitaka kimya wakati wa taarifa ya habari, kimya kabisa, na yeye ndiye aliyeongea mwanzo hadi mwisho. Mtangazaji akisema habari za jioni, yeye alijibu nzuri, na kama mtangazaji ni kijana aliongeza marahaba, akikumbusha shikamoo ambayo hakupewa. Utabiri wa hali ya hewa ulimkera. Walitaja miji yote mikubwa, wakataja na Kanda ya Ziwa, lakini Runzewe hawakuitaja hata siku moja. "Huku kwetu mvua inakuja yenyewe tu," alisema, "haina mtu wa kuitangaza."

Wa mpira ndio waliomwelewa kuliko wote. Siku za mechi kubwa ua ulijaa mpaka kwenye banda la kuku. Hakuwa na timu. Mechi ikiisha alipita na sufuria ya matobolwa, viazi vile vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, akawagawia waliofungwa tu. Walioshinda, alisema, wameshashiba. Kulikuwa na watu wazima waliobadilisha timu dakika ya themanini kwa ajili ya viazi.

Na umeme ukikatika, jambo ambalo halikuwa la ajabu, sisi tulianza kuinuka. Yeye alituambia tukae, utarudi. Tulikaa tukitazama dirisha jeusi, na kwa sababu macho hayakuwa na kazi, midomo ilipata. Zamani nilidhani alikuwa na matumaini makubwa na umeme wa Runzewe. Sasa nadhani jioni alizozipenda kuliko zote ni zile za giza.

Mimi alinipenda, nafikiri. Nasema nafikiri kwa sababu sikuwahi kuwa na hakika, na mengi aliyoniambia yalikuwa ya kunicheka. Nilikuwa mtu wa kukaa kitandani na simu, nikisoma tena barua ya maombi ya kazi niliyokwisha kuituma, nikitafuta kosa. Nisipoonekana uani alikuja kugonga mlango kwa ungo.

"Msomi, toka. Hiyo kazi haiko chini ya godoro."

Siku nilipoitwa kwenye usaili mjini Geita nilimwonyesha mashati mawili, moja mwilini na jingine mkononi, nikamwomba achague. Akasema hilo. Nikamwuliza lipi. "Ulilovaa," akasema. "Ukilivua tutaanza upya."

Basi chogo likafa. Lilikufa wakati wa taarifa ya habari, kwa adabu, bila kelele nyingi. Picha ilibanwa juu na chini kama mtu anayefumba macho, ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, kisha mlio mdogo, kisha harufu ya plastiki. Na hapo tuliona jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Mama Mwenye Nyumba aligeuka. Alikaa na ungo wake amelitazama dirisha muda mrefu, sisi tukiuona mgongo wake.

Fundi kutoka stendi alikuja asubuhi, akaingiza kichwa chote kwenye kisogo cha TV kama daktari wa ng'ombe, akatoka na jibu la pande mbili. Kifaa kilichoungua hakiuzwi tena madukani. Angeweza kukinyofoa kwenye chogo jingine lililokufa, kama angelipata Kahama, lakini hakuahidi kwamba kingedumu. Mwanawe wa Mwanza alipopigiwa simu alifurahi waziwazi. Alisema alikuwa anaisubiri siku hiyo, atamtumia flati nzuri, nyembamba, itundikwe ukutani sebuleni kama kwa watu wote.

Mama akasema haya. Katika kipindi chote nilichomfahamu sikuwahi kujua "haya" yake ina maana gani.

Wakati jambo likisubiri, ua ulikufa taratibu. Jioni ya kwanza watu walikuja, wakakaa, wakasimuliana chogo lilivyokufa. Jioni ya pili walikuja wachache. Baadaye kila mtu alibaki chumbani na simu yake, na kutoka kila mlango ulisikia sauti ndogo tofauti. Mama Mwenye Nyumba alikaa kwenye kigoda chini ya dirisha, akimenya karanga, akiutazama mkeka mtupu. Nilimwona kupitia pazia langu. Niliwaza nitoke. Niliwaza nikitoka nitaonekana namhurumia, na yeye si mtu wa kuhurumiwa. Nilipomaliza kuwaza alikuwa ameshaingia ndani na balbu.

Kisha akatuita, mimi na Masanja, akasema mwanawe anataka jibu. Tumshauri, itengenezwe au ije mpya. Mimi nimesoma, Masanja ameona vitu vingi migodini, tukae tuelewane tumpe neno moja.

Hatukuelewana. Masanja alisema flati, tena haraka. Ni nyepesi, mtu mmoja anaitundika, na picha yake unaona hadi jasho la mchezaji. Mimi nilisema itengenezwe, kwa hoja nyingi ambazo nilizipanga kwa umuhimu, nikazipangua, nikazipanga tena. Sikusema hoja yenyewe. Nilikuwa nayo kifuani lakini haikuwa na sura ya hoja: nani atamwita nani, TV ikiwa ya kubebwa na mtu mmoja? Badala yake niliongea habari za kioo na macho. Masanja akasema naogopa kitu kipya kama ninavyoogopa kila kitu. Nikasema yeye angekuwa anajua kuchagua asingekuwa anachimba mwaka mzima na kutoka na vumbi. Akasema angalau vumbi lake linamlipia chumba. Tukaachana hapo. Kesho yake tulipishana bombani, yeye akatazama ndoo, mimi nikatazama mbingu.

Jibu la neno moja halikupatikana. Wiki hiyohiyo nikaitwa Geita kuanza kazi ya mkataba, nikaondoka na begi moja, godoro na vyombo nikaviacha. Nikiwa njiani nilimwandikia Mama Mwenye Nyumba ujumbe mrefu wa simu kuhusu TV, wenye pande zote mbili na hitimisho. Nilihangaika siku nzima nikisubiri jibu. Likaja jioni, limeandikwa na mtu mwingine lakini sauti ilikuwa yake, hata asante ameitoa kwa Kisukuma: "Wabeja, Msomi. Umekula?"

Nilirudi Runzewe baada ya miezi kadhaa, kuchukua godoro langu. Basi lilichelewa, nikafika jua limezama. Nje ya geti nilisimama nikijiandaa. Nilikuwa nimeshaona kila kitu kichwani: flati ukutani sebuleni, mama peke yake kwenye kochi, ua mtupu, kila mlango na sauti yake ndogo. Niliwaza nitasema nini. Niliwaza nisiseme kwamba niliwaambia, kwa kuwa kwa kweli sikuwaambia.

Ua ulikuwa umejaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Nikakaa kwenye benchi, nikatazama dirishani, na hapo nikaona kitu ambacho katika hoja zangu zote, za kutengeneza na za kubadilisha, hakikuwemo. Flati ilikuwepo, nyembamba, mpya, bado ina karatasi ya kiwandani pembeni. Lakini haikuwa ukutani. Ilikuwa imesimama juu ya chogo. Chogo lilikuwa palepale juu ya meza ya mninga, limekufa na kitambaa chake cha kufuma, na flati imefungwa juu yake kwa mpira wa tairi la ndani, kata, kaza, fundo, namna wanavyofunga kreti za soda kwenye baiskeli. Marehemu alikuwa amesogezwa ukingoni, bado wima. Vyote viwili vilikuwa vimetazama makochi.

Mama Neema alinisimulia kwa sauti ya chini. Mwanawe alikuja mwenyewe na flati na misumari yake. Mama akamwambia ukuta wa tofali mbichi hautashika, ukuta uleule ulioshika kabati la vyombo miaka yote. Fundi alipoitwa kufunga akashauri kwamba, kama chogo linabaki liwe meza, basi alitoe matumbo yote. Vyuma vingemfaa yeye, na lingekuwa jepesi, hata mtoto angeligeuza.

"Mama akamuuliza, nani amekuambia nataka liwe jepesi?" Mama Neema akashika shavu, safari hii kwa kuzuia kicheko. "Fundi mpaka leo anafikiri hajamwelewa Kiswahili."

Nilikuwa nataka kumwuliza zaidi, nina maswali kama manne hivi, lakini Mama Mwenye Nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Alipitisha macho juu yetu, bila haraka, kama mtu anayechagua mboga sokoni. Yalipita kwa Mzee wa Tumbaku. Yalipita kwa dereva wa bodaboda. Yakafika mwisho wa mkeka, kwenye giza la banda la kuku, alipokuwa amekaa mtu ambaye sikuwa nimemwona, au nilimwona nikajifanya sijamwona, jambo ambalo na yeye alikuwa akilifanya kwa ustadi.

"Msomi," akasema. "Masanja. Geuzeni TV."

Watu wakakunja miguu tupite.

Tukaingia. Mimi nikaenda upande wa dirisha, yeye upande wa makochi. Lilikuwa zito kuliko zamani, sasa likiwa na flati juu yake. Nilitafuta pa kushika, na kama kawaida palikuwa na sehemu mbili nzuri, nikashindwa kuamua.

"Shika chini," Masanja akasema.

"Hapa?"

"Chini zaidi. Na usifikirie."

"Umeshika?"

"Nimeshika. Subiri, mzee anaanguka."

Akamnyanyua marehemu kwa mkono mmoja, akatazama huku na huku, akampachika kwenye mfuko wa shati lake, kichwa nje. Nikacheka. Nilijaribu kuzuia nikashindwa, na mikono ikaisha nguvu, na yeye akaniambia nisicheke nitaangusha, huku naye anacheka, na kutoka uani tukasikia watu wakianza kucheka bila kujua ni nini.

"Kwangu kidogo," nikasema.

"Twende."

Likazunguka. Mwanga ukatoka dirishani ukawaangukia watu wote. Chini yetu, Mama Mwenye Nyumba alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, ungo mapajani, ameipa mgongo TV yake mpya ambayo hajawahi kuitazama.